Shilingi 2,000 kwa siku: nani anamlisha dada wa kwenda na kurudi?

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Ufipa huingia hadi kwenye mifupa. Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda ulioinuka karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na saa kumi na moja alfajiri njia za Chanji, Kizwite na Katandala bado zina giza na umande. Huo ndio wakati ambao wanawake waliojitanda vitenge juu ya masweta huonekana wakitembea haraka kuelekea nyumba za watumishi, walimu na wafanyabiashara. Saa kumi na mbili inawakuta kazini. Mkaa unapepewa hadi ushike, maji ya kuogea watoto yanabandikwa, uji unakorogwa, sare zinapigwa pasi. Watoto wakishakwenda shule inafuata zamu ya beseni: nguo zilizolowekwa tangu jana zinafuliwa kwa maji ambayo msimu huu yanauma vidole, zinakamuliwa, zinaanikwa, na zisipokauka mapema aliyezifua husubiri hadi aziingize ndani. Jioni, chakula kikishaiva na vyombo vikishaoshwa, wanawake hao wanashika tena njia ya kwao, ambako watoto wao nao wanasubiri kupikiwa.

Huyu ndiye dada wa kwenda na kurudi. Hakupewa kitanda na mwajiri kama binti anayeletwa kutoka vijiji vya Nkasi au Kalambo na kulazwa chumba kimoja na watoto. Mara nyingi ni mtu mzima, mama wa watoto wake, pengine mjane au aliyeachika, amepanga chumba au ana kibanda chake pembezoni mwa mji. Mwajiri anamwona kuwa nafuu: hali chakula cha usiku, hahitaji godoro wala blanketi, akiugua usiku wa manane hakuna atakayeamshwa kumpeleka hospitali. Gharama hizo zote, hata hivyo, hazikufutika. Zimehamia kwake. Ndiyo maana ni kosa kumlipa kwa kipimo cha mwenzake anayelala ndani, na ndiyo maana malipo yake yanapaswa kuwa na sehemu mbili zilizo wazi: mshahara wa kazi anayoifanya, na posho ya kumwezesha kuishi na kufika kazini.

Sheria imeweka bei ya kitanda na sahani

Sheria ya Tanzania inaitambua tofauti hii, ingawa waajiri wengi hawana habari nayo. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza kutumika Julai 2013 iliwagawa wafanyakazi wa majumbani katika makundi manne. Walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa walipangiwa shilingi 150,000 kwa mwezi, wa viongozi wenye stahili 130,000, wengine wasioishi katika kaya ya mwajiri 80,000, na waliobaki, yaani wanaolala humo humo, 40,000. Viwango hivyo vilikaa miaka tisa na nusu bila kuguswa. Amri iliyofuata, Tangazo la Serikali Namba 687 la mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Januari 2023 na kuvipandisha hadi 250,000, 200,000, 120,000 na 60,000.

Ngazi mbili za chini ndizo zinazogusa karibu kila nyumba ya Sumbawanga yenye msaidizi. Kwa amri hiyo mmoja alipangiwa 120,000, mwingine 60,000. Kazi ni ile ile: kupika, kufua, kudeki, kulea. Kinachowatenganisha ni mahali anapolala mtu na mkono unaomlisha. Kwa maneno mengine, ile tofauti ya shilingi 60,000 ndiyo thamani ambayo amri imeiwekea chumba, kitanda, milo ya siku nzima, maji, umeme na mahitaji mengine ambayo dada wa ndani huyapata kwa mwajiri. Igawanye kwa siku 30 na unapata shilingi 2,000 kwa siku. Ndani ya 2,000 hiyo mwanamke mtu mzima alipe pango, ale, aoge, awashe taa, aende kazini na arudi. Akipanda bodaboda kwa shilingi 1,000 asubuhi na nyingine 1,000 jioni, fedha yote imekwisha kabla hajatia tonge mdomoni. Tuseme hapandi, anatembea, na amepata chumba cha shilingi 20,000 tu kwa mwezi. Zinabaki kama 1,300 kwa siku, na katika hesabu hiyo bado hatujamtaja hata mtoto wake mmoja.

> Akipanda bodaboda kwa shilingi 1,000 asubuhi na nyingine 1,000 jioni, fedha yote imekwisha kabla hajatia tonge mdomoni.

Kuna jambo jingine katika namba hizo linalostahili kuangaliwa na kila anayekaa kwenye bodi za mishahara. Katika amri zote mbili, ya 2013 na ya 2022, wa kulala ndani amepangiwa nusu kamili ya wa kwenda na kurudi. Bei ya unga, pango na nauli haziendi sambamba kiasi cha kutoa nusu kamili mara mbili mfululizo. Kwa maoni yangu hiyo ni dalili ya kiwango kilichokatwa kwa makadirio, bila mtu kupita sokoni na kuuliza bei. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza amri mpya ya kuanza kutumika 1 Januari 2026, ikipandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Ni hatua kubwa na inastahili pongezi. Lakini wastani huo ukiutia juu ya viwango vya 2023, ile tofauti ya 60,000 inakuwa takriban 80,000, na fungu la siku linapanda kwa shilingi 667. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kupandisha asilimia peke yake hakulitibu tatizo. Kinachotakiwa ni kuitenga posho na mshahara, ionekane peke yake na ijadiliwe kwa bei za kweli.

Saa ambazo hakuna anayezihesabu

Kabla ya kufika kwenye posho, mshahara wenyewe una pengo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka wiki ya kazi kuwa saa 45, siku zisizozidi sita, saa tisa kwa siku. Kinachozidi hapo ni muda wa ziada, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Sheria hiyo haikumtoa mfanyakazi wa nyumbani katika kinga hizi. Sasa mchukue dada anayeingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Ukimtolea saa moja ya mapumziko kila siku, amefanya kazi saa 66. Amezidisha saa 21.

Kwa kiwango cha 120,000 cha amri ya 2022, saa moja ya kawaida ni takriban shilingi 615, na ya ziada takriban 923. Saa 21 kwa wiki ni 84 kwa wiki nne, nazo zina thamani ya zaidi ya shilingi 77,000. Anayeamini kwamba amemlipa dada huyo kikamilifu kwa kumpa 120,000 amempunja kiasi kinachokaribia theluthi mbili ya mshahara huo. Na hata akiamua kuzilipa saa zote hizo, bado yuko nje ya sheria, maana muda wa ziada haupaswi kuzidi saa 50 katika kila wiki nne. Siku ya kazi ya alfajiri hadi magharibi, ambayo katika nyumba nyingi inaonekana jambo la kawaida kabisa, sheria haiiruhusu kuwa desturi.

Mfanyakazi wa kulala ndani anaumizwa vivyo hivyo, pengine zaidi, kwa sababu siku yake haina mwisho unaojulikana. Ila kwa wa kwenda na kurudi saa hizo zina gharama ya pili. Kila saa anayobakizwa jioni ni saa ya giza njiani, na ni saa ambayo watoto wake wako peke yao au wameachwa kwa jirani ambaye naye anatarajia kushukuriwa kwa kitu.

"Ana shamba lake"

Katika Ufipa kuna hoja ambayo Dar es Salaam huisikii sana. Wanasema maisha ya huku ni rahisi, Rukwa ni ghala la mahindi, na huyu mama ana shamba lake nje ya mji. Chakula ananunua cha nini? Hoja hii ina sura ya ukweli, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa utulivu. Ni kweli Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi hapa. Ni kweli pia kwamba wakazi wengi wa mjini wanalima. Lakini mahindi yaliyo ghalani mwa mtu ni jasho lake. Wafipa wanajua vizuri kazi iliyomo katika kilimo cha ntumba, kufukia nyasi kwenye vichuguu vya udongo mvua zikikaribia kuisha, kusubiri zioze, kisha kuvibomoa na kuutawanya udongo uliorutubika msimu unaofuata. Mwajiri hakushika jembe. Akihesabu gunia hilo kuwa sehemu ya ujira, anamlipa mtu kwa mali yake mwenyewe.

Tena mwanamke anayeingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni siku sita kwa wiki, shamba hilo analilima lini? Palizi ya Januari haingojei Jumapili. Anachofanya ni kulipa kibarua amlimie, kwa fedha ile ile ya mshahara, au kulilima kidogo na kuvuna kidogo. Na urahisi wa Sumbawanga unaishia kwenye nafaka. Sukari, mafuta ya kula, sabuni, madaftari na sweta la mtoto vingi hufika hapa kwa barabara ndefu kupitia Mbeya na Tunduma. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000. Kinachookolewa kwenye unga kinaweza kupotelea kwenye chupa ya mafuta.

Kuna upande mwingine wa hoja ya mahindi ambao hausemwi. Bei ya mahindi ikianguka, zinazoumia kwanza ni kaya za vijijini, na kaya hizo ndizo zinazotoa wanawake na mabinti wa kutafuta kazi mjini. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi wa bei nzuri. Msimu kama huo, wanaobisha hodi kuomba kazi wanaongezeka na mwenye nyumba anajua kwamba akimkataa mmoja atapata mwingine. Kwa hiyo mshahara ukiachiwa mapatano ya mlangoni utashuka wakati ule ule ambao familia ya mfanyakazi ina shida kubwa zaidi. Kima cha chini kiliwekwa kwa ajili ya msimu kama huo.

Mwajiri naye ni mfanyakazi

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mwajiri ambaye naye anaishi kwa mshahara. Sumbawanga si mji wa mabalozi. Wengi wanaoajiri wasaidizi ni walimu, wauguzi, makarani, watumishi waliohamishiwa huku bila bibi wala shangazi wa kuwaachia watoto. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilikuwa shilingi 370,000 tangu Julai 2022, kikapanda hadi 500,000 Julai 2025. Katika 500,000, ambayo bado haijakatwa makato, kutoa 120,000 ni kutoa karibu robo. Akiongezewa posho atasema hawezi, na huenda anasema kweli.

Anayeshindwa kununua saa 66 za kazi ya mtu anunue saa anazoziweza. Hilo ndilo jibu, na amri yenyewe imelifungulia njia, kwa kuwa imeweka viwango vya saa, siku, wiki na mwezi. Nyumba inayomhitaji dada kwa saa nne asubuhi, siku sita, inanunua saa 24 kwa wiki, sawa na takriban 104 kwa mwezi. Kwa shilingi 615 kwa saa, hiyo ni kama 64,000. Mchana dada huyo yuko huru kwenda nyumba ya pili, na nyumba mbili zikipatana zinaweza kumpa kipato ambacho hakuna hata moja ingeweza kukitoa peke yake. Mpango huu tayari unafahamika kwa wanaofua nguo za nyumba kadhaa kwa zamu. Ugumu wake ni kwamba unamtaka mwajiri aamue mapema ni kazi gani hasa anaihitaji, badala ya kumweka mtu nyumbani kutwa nzima "kwa lolote litakalotokea".

Ila mpango huo una mtego, na mtego huo ndio unaonyesha kwa nini posho lazima itengwe na mshahara. Saa zinagawanyika, nauli haigawanyiki. Anayekuja kwa saa nne anatembea umbali ule ule, au analipa bodaboda ile ile, sawa na anayekuja kwa saa tisa. Ukiitia nauli ndani ya malipo ya saa, unayemwita kwa saa chache ndiye unayemuumiza zaidi. Posho ya nauli ihesabiwe kwa siku aliyofika. Ya chakula nayo ihesabiwe kwa siku, na siku ambayo amekula mchana mezani pa mwajiri, mlo huo unaweza kuhesabiwa kwa thamani yake, mradi wamekubaliana mapema na ni chakula kilichopikwa kwa ajili yake pia. Kiporo cha jana alichofungiwa kwenye mfuko ni ukarimu, na ukarimu ni mzuri, lakini haumo katika ujira. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unasema wazi kwamba malipo ya vitu yawe sehemu ndogo tu ya ujira, yakubaliwe na mfanyakazi, na thamani yake iwe ya haki.

> Saa zinagawanyika, nauli haigawanyiki. Posho ya nauli ihesabiwe kwa siku aliyofika.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya mikataba na posho yanaharibu undugu, kwamba dada wa nyumba ni kama mtoto wa nyumba. Undugu uendelee. Asaidiwe akifiwa, mtoto wake anunuliwe daftari. Lakini mtoto wa nyumba hakatwi fedha sahani ikivunjika, na wafanyakazi wengi wa majumbani hukatwa, wakati sheria inataka makato ya hasara yafuate utaratibu, yakubaliwe kwa maandishi na yasivuke robo ya ujira. Penye makato ya kazi pawe na malipo ya kazi.

Nyumba haina daftari la ukaguzi

Ofisa kazi anaweza kuingia kiwandani au hotelini akaomba orodha ya mishahara. Nyumba ya mtu haina orodha, haina bango la jina, na mfanyakazi wake yuko peke yake bila wenzake wa kusimama naye. Ndiyo maana amri nzuri imekaa kwenye makabati miaka yote hii. CHODAWU, chama kinachowatetea wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani, na mashirika kama WoteSawa la Mwanza, lililoanzishwa na Angela Benedicto ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi za ndani, yamefanya kazi kubwa ya kuwaelimisha wafanyakazi. Lakini Sumbawanga iko mbali na Mwanza, na mwanamke anayetoka nyumbani usiku na kurudi usiku hana saa ya kuhudhuria semina.

Wenzetu wa Kenya wameijaribu njia ya posho. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au amlipe fedha ya kutosha kupanga, na kanuni za mishahara zimeweka posho ya nyumba kuwa asilimia 15 ya mshahara wa chini. Haijamaliza shida huko. Asilimia 15 ya mshahara mdogo ni fedha ndogo, na majumbani utekelezaji unalegalega kama kwetu. Faida yake ni kwamba posho ina jina na ina kiasi, kwa hiyo mfanyakazi anaweza kuidai na mahakama inaweza kuipima. Kenya pia inagawa viwango kwa maeneo, miji mikubwa juu na mingine chini. Hilo tusiliige. Ukiuambia mji kama Sumbawanga kwamba stahili yake ni ndogo kwa kuwa uko mbali, unazidi kuwasukuma mabinti wa Rukwa kupanda mabasi ya kwenda kutafuta kazi za ndani Mbeya na Dar es Salaam, mbali na ndugu wa kuwakimbilia wakionewa.

Chombo cha karibu zaidi tulicho nacho ni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia mikataba ya pango na mauziano ya viwanja kila siku. Hashindwi kushuhudia karatasi moja yenye majina mawili, saa za kazi, mshahara na posho. Karatasi hiyo inamlinda mwajiri pia. Sheria ya Ajira inasema kwamba mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maelezo ya ajira yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Asiyeandika leo anajiweka mahali ambapo kesho, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, neno la mfanyakazi ndilo litakaloanza.

Kwa Baraza la Madiwani la Manispaa ya Sumbawanga, ombi ni moja: watendaji wa mitaa wapewe fomu fupi ya Kiswahili ya ajira ya nyumbani, yenye mstari wa mshahara na mstari wa posho, na washuhudie bila kutoza ada. Kwa bodi ya mishahara, amri ijayo itaje posho ya nauli na chakula ya mfanyakazi asiyeishi kwa mwajiri kwa kiasi chake, badala ya kuizika ndani ya namba moja. Na kwako mwajiri unayesoma gazeti hili mwishoni mwa juma, dada akiwa jikoni au amekwenda kwake kupumzika: chukua kalamu, andika saa anayoingia na saa anayotoka, zidisha kwa kiwango cha saa kilichomo katika amri inayotumika, ongeza nauli ya siku alizofika, kisha linganisha na ulichompa mwezi uliopita. Kilichopungua ni deni lako, mlipe.